Maziwa yanatoka, mtoto hakuna! Usikimbilie kwa mganga

Wiki hii tuyaweke kando mambo ya wivu na kununiana. Tuongee jambo ambalo akina dada wengi huligundua bafuni, kisha wanalificha kama vile wameiba.

Kisa nimekitoa kwa shoga yangu mmoja. Ameniruhusu nikiandike mradi jina lake nisilitaje. Dada huyu ana ndoa ya miaka mitatu. Siku zake zilianza kuruka, mwezi huu zipo, mwezi ujao hazipo, mwishowe zikapotea kabisa. Akapima mimba, hakuna. Siku moja anafua nguo, akaona gauni limelowa kifuani. Kubinya chuchu, maziwa! Na hajawahi kuzaa.

Maneno yakaanza. Wifi yake akasema huyu kazaa kwao, mtoto kafichwa kijijini. Jirani naye akadai eti ni jini mahaba, usiku ananyonyesha kichanga cha kijini. Nusura ndoa ivunjike. Bahati mume ni mtu wa kutulia, akamshika mkono wakaenda hospitali. Kipimo cha damu kikamaliza ubishi: homoni iitwayo prolaktini ilikuwa juu mno.

Ni kitu gani hicho?

Prolaktini inatoka kwenye tezi ya pituitari, kijitezi kama punje ya njegere kilichopo chini ya ubongo. Kazi yake kubwa ni kuyaamuru matiti yatengeneze maziwa. Mjamzito na anayenyonyesha kuwa nayo nyingi ni halali yao. Kwa sisi wengine, ubongo huishikia breki kwa kemikali inayoitwa dopamini. Breki ikilegea prolaktini inapanda, na ikipanda inazizima homoni zinazopevusha yai. Ndiyo maana siku zinapotea na mimba haishiki.

Na nyie akina kaka msicheke. Mnayo pia. Ikizidi, hamu inayeyuka na jogoo hapandi mtungi. Mwenzangu utanunua mizizi yote ya barabarani, kumbe tatizo liko kichwani, tena kichwani kweli!

Sababu ziko nyingi. Kuna kivimbe kwenye hiyo tezi, ambacho kwa kawaida si kansa. Kuna tezi ya shingo inayofanya kazi kivivu. Kuna dawa kama metoklopramaidi ya kuzuia kutapika, au haloperidoli na risperidoni za maradhi ya akili. Hata woga wa sindano huipandisha kidogo, kwa hiyo usishangae daktari akitaka kipimo kirudiwe.

Dawa nayo ina vituko

Shoga yangu aliandikiwa bromokriptini. Dirishani akapewa pakiti, basi, hakuna aliyemweleza kitu. Asubuhi akameza kidonge kizima, tumbo tupu, akapanda daladala. Kushuka kituoni, dunia ikazunguka. Alipopata fahamu yuko kwenye benchi la muuza magazeti, watu wamemzunguka, anatapika. Aliporudi nyumbani akazitupa dawa jalalani. "Afadhali maziwa kuliko kufa," aliniambia. Miezi miwili hakukanyaga hospitali.

Kumbe dawa haikuwa mbaya, alianza kwa pupa. Bromokriptini hushusha presha, hasa ukisimama ghafla. Kwa kawaida huanzwa na nusu ya kidonge cha miligramu 2.5, usiku, pamoja na chakula, ukimaliza unalala zako. Daktari ndiye huipandisha dozi polepole. Ukiamka, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda ndipo usimame. Pua kuziba, kichwa kuuma na choo kigumu vinaweza kuja, ila mara nyingi hupungua mwili ukizoea. Ukishindwa kabisa, muulize daktari kuhusu kabagolini. Hiyo humezwa mara moja au mbili tu kwa wiki, na wengi haiwachefui sana.

Kuna jingine watu wanaona haya kulisema. Dawa hizi zinaigiza dopamini, na dopamini ndiyo hiyo hiyo ya raha. Wachache wakizitumia hujikuta wanabeti mpaka kodi ya nyumba, wananunua vitu ovyo, au wanawaka tamaa isiyoshikika. Mwenzio ndiye atakayekuona kwanza. Akikuambia, usigombe, mwone daktari.

Mitego ya kukwepa

Kama unatumia dawa za maradhi ya akili, usiziache mwenyewe. Ugonjwa ukirudi ni balaa kuliko maziwa. Mwambie daktari, yeye anaweza kukubadilishia.

Maziwa yakikauka usijione umepona. Mwenye kivimbe mara nyingi hutumia dawa miaka 2 au zaidi kabla ya kujaribu kuacha.

Dada, usisubiri kuona siku zako ndipo uwe makini. Yai hutangulia, damu hufuata. Mimba inaweza kuingia kabla hata hujaziona siku. Kama hutaki mtoto sasa, jikinge. Ukinasa, wahi kwa daktari akuambie dawa iendelee au isimame.

Na ukianza kuumwa kichwa sana huku macho hayaoni vizuri pembeni, usingoje kesho. Kivimbe kikikua hubana mishipa ya macho.

Shoga yangu alirudi, akaanza upya na nusu kidonge, usiku, baada ya ugali wake. Wiki ya kwanza kichefuchefu kilimsumbua, akavumilia. Siku zake zimerudi, gauni halilowi tena. Mtoto bado, lakini sasa anahesabu tarehe kwa matumaini. Wifi mtu hajaomba radhi hadi leo.

Kwa hiyo ukiona doa kifuani, usianze kutafuta mchawi. Tafuta kipimo. Tukutane wiki ijayo!