Je, Wajua? Kompyuta Isomayo Milia ya Punda wa Isiolo

Januari 2016, wananchi na wanasayansi walizunguka kaunti za kaskazini mwa Kenya, Isiolo ikiwemo, wakipiga picha ubavu wa kulia wa kila punda milia wa Grevy waliyemwona. Milia ya mmoja haifanani na ya mwenzake, hivyo kompyuta iliweza kumtambua kila mnyama.

Siku hizi kumsaka mnyama ndani ya picha, hata akiwa nusu nyuma ya mgunga, ni kazi ya mtandao wa neva bandia, yaani programu ya kompyuta inayoiga seli za ubongo. Na chimbuko la mtandao wa aina hii ni ubongo wa paka! Mwaka 1959 David Hubel na Torsten Wiesel walieleza kuwa seli moja ya ubongo huchangamka paka anapoona mstari ulioinama upande fulani. Ukiugeuza, seli hunyamaza. Mwaka 1980 Kunihiko Fukushima wa Japani akaiga utendaji huo katika mtandao wa kompyuta wenye matabaka: tabaka la kwanza hutafuta mistari, yanayofuata huunganisha maumbo.

Hata hivyo ubongo bado unaongoza. Kwa kawaida mtandao huhitaji maelfu ya picha ili ujifunze. Mtoto wa mfugaji humjua punda milia baada ya kuonyeshwa mara chache tu.