Kazi za Nyumbani Nazo Ni Mchango
Wanandoa wakiachana, kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 kinaitaka mahakama inayogawa mali yao itazame mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, mali au kazi. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango, ingawa Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu. Wapo wasemao nyumba ni ya aliyenunua matofali. Lakini bila mke anayeteka maji alfajiri, akakoroga uji na kuogesha watoto, mshahara wa mume ungeishia kwa mama ntilie, dobi na yaya. Kikwazo kikubwa ni ushahidi: mume huja na risiti za saruji na mabati, mke hana karatasi ya ndoo hata moja ya maji.