Pamba ya Chundwa: Kuipanda, Kuichuma na Kuivusha

Katika kisiwa cha Pate habari za nguo si ngeni. Wareno wa karne ya 16 waliandika juu ya nguo za hariri za Pate, zilizotafutwa na wafanyaji biashara wa pwani. Lakini mkulima wa Chundwa atakaye kulima pamba hafumi nguo. Huiuza pamba ikiwa bado na mbegu zake, na bei aipatayo yategemea sana siku aliyopanda na jinsi alivyochuma.

Mbegu zapasa kuwa ardhini mara masika yaanzapo, yaani mwezi wa Aprili. Mpamba huchukua yapata miezi minne hata vitumba vya kwanza kupasuka, kwa hiyo aliyepanda Aprili huanza kuchuma Agosti au Septemba, wakati wa ukavu. Vitumba vya aliyepanda Juni hukutwa na mvua za vuli vikiwa wazi, na pamba iliyolowa mtini hugeuka rangi. Hapana dawa ya kuirudishia weupe.

Mistari iachane sentimita 90, na mashimo sentimita 30. Miche ipunguzwe ibaki miwili katika kila shimo kabla haijatimiza mwezi. Wengi huona uchungu kung'oa mche wenye afya, lakini shimo lenye miche mitano huzaa kuni, si pamba.

Wadudu ni wengi. Yuko funza alaye kitumba kwa ndani, na yuko mdudu mwekundu afyonzaye mbegu na kuacha ukungu utiao pamba madoa ya manjano. Mbegu mpya zilizoruhusiwa na Serikali ya Kenya mwezi wa Desemba 2019 zina kinga juu ya funza, lakini si juu ya wadudu wafyonzao. Tena ni chotara, hivyo hazifai kuwekwa kwa msimu wa pili. Ama funza mwekundu, yeye hujificha katika mabaki ya vitumba. Basi baada ya mchumo wa mwisho mipamba yote ing'olewe ichomwe. Mtu mmoja akiiacha imesimama, kijiji kizima humlishia funza wake.

Kuchuma kungoje umande ukauke. Mchumaji awe na vifuko viwili, kimoja cha pamba safi na kimoja cha yenye madoa, kwani mnunuzi akiona konzi moja chafu katika gunia, aghalabu gunia zima hushuka daraja. Magunia ya nailoni yaepukwe: nyuzi zake huchanganyika na pamba, na kitambaa kikitiwa rangi hazishiki. Gunia la kitambaa cha pamba ndilo lifaalo.

Kisha iko bahari, jambo ambalo mkulima wa bara halijui. Chombo kitokacho Faza kwenda Mokowe au Lamu hupita Mkanda, na Mkanda hungoja maji yajae. Mzigo ulioletwa pwani mapema mno hukaa saa nyingi mchangani penye unyevu. Yafaa magunia yapangwe juu ya mbao, yasiguse maji ya ngama, na yafunikwe turubai kabla ya kung'oa nanga, si baada ya wimbi la kwanza.

Zamani, tangu miaka ya 1950, Halmashauri ya Serikali ndiyo iliyosimamia soko la pamba nchini Kenya. Soko lilipoachwa huru mwaka 1991, mkulima alibaki kupatana bei mwenyewe. Mtu mmoja mwenye magunia matatu hana nguvu, na nauli ya chombo humla. Wakulima ishirini wakikusanya mzigo pamoja, mnunuzi huona faida ya kuwafuata. Nao wajue wanachouza: kilo 100 za pamba yenye mbegu hutoa yapata kilo 33 za nyuzi, na mbegu zilizobaki hukamuliwa mafuta, na mashudu yake hulishwa ng'ombe. Mzigo upimwe kijijini kabla ya kusafirishwa, kwa mizani iliyojaribiwa kwa jiwe la uzito unaojulikana, na hesabu ya kila mtu iandikwe mbele yake.