Mtihani wa Mwanafunzi wa Sanaa

Je, umewahi kumwona kijana msomi akiinama njiani kuokota vigae, vifuniko vya chupa na mabati yenye kutu? Usidhani amerukwa na akili. Huenda ni mwanafunzi wa chuo cha sanaa. Anajiandaa kwa mtihani wake wa mwisho.

Mwanafunzi wa sanaa huandika kwa kalamu kama wenzake. Lakini mtihani wake mkubwa ni maonyesho. Kazi alizozitengeneza hutundikwa ukutani au huwekwa sakafuni. Walimu huja kuzitazama. Humwuliza maswali, kisha humpa alama. Akishindwa, ada na jasho la wazazi wake vimo hatarini.

ANZA NA NCHI YAKO

Katika chuo cha Makerere, Uganda, sanaa ilianza kufundishwa mwaka 1937. Mwalimu alikuwa Bibi Margaret Trowell, kutoka Uingereza. Yeye hakutaka wanafunzi waige picha za Ulaya. Aliwataka wachore maisha waliyoyajua.

Mmoja wa wanafunzi wa chuo hicho alikuwa Sam Ntiro, mwenyeji wa Machame, Kilimanjaro. Ntiro alichora migomba, vilima na watu wakifanya kazi pamoja. Picha yake moja ya mwaka 1956 inaonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku. Picha hiyo imehifadhiwa katika jumba kubwa la sanaa mjini New York, Marekani. Mambo ya kijijini kwetu yamefika huko!

VITU VYA KUOKOTA

Wengine hawatumii rangi. Hutumia vitu vilivyotupwa. Msanii El Anatsui alizaliwa Ghana mwaka 1944. Mwaka 1975 alihamia Nsukka, Nigeria, kufundisha chuo kikuu. Huko alifinyanga vyungu vilivyoonekana kama vimevunjika na kuungwa tena. Baadaye aliokota mfuko uliojaa vifuniko vya chupa za pombe kali. Akavikunja, akavitoboa, akaviunga kwa waya wa shaba. Vikawa kama kitambaa kikubwa chenye kung'aa.

Kwa nini vifuniko? Zamani wafanyabiashara wa Ulaya walileta pombe kali Afrika Magharibi. Waliibadilisha kwa bidhaa, na hata kwa watu. Kwa hiyo kifuniko kidogo kina habari ndefu. Mwaka 2015 Anatsui alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu huko Venice, Italia.

JINSI YA KUJIANDAA

Mwanafunzi anayetaka kufuata njia hiyo hufanya kazi kwa hatua, kama mkulima.

Kwanza, hutembea. Hutazama milima, mito, mmomonyoko wa udongo na mashamba. Huchora anachokiona katika daftari.

Pili, huokota. Kwa kila kitu huandika kilitoka wapi na kilitumika kwa kazi gani.

Tatu, huosha na kuchagua. Vitu vingi mno huchanganya macho. Vichache vinavyohusiana husema vizuri zaidi.

Nne, hujaribu. Huvipanga chini, huvipangua, huvipanga tena. Kazi hii huchukua miezi. Anayesubiri wiki ya mwisho huaibika.

Tano, hutundika. Hupima ukuta, huangalia mwanga unatoka upande gani, na huhakikisha kamba na misumari ni imara. Kazi ikianguka inaweza kumwumiza mtu.

Mwisho, huandika maelezo mafupi na kujizoeza kujibu. Walimu watamwuliza: "Kwa nini umechagua jembe hili bovu?" Asiposema lilikotoka na lilivyolima, litabaki kuwa chuma kibovu tu.

WEWE UNAWEZA KUSAIDIA

Mwanafunzi huyo akirudi kijijini likizo, usimcheke. Anahitaji ujuzi wako. Mwonyeshe udongo mwekundu unapopatikana. Mweleze jina la mti wa kinu, na nani aliyeuchonga. Mpe jembe lililokwisha na umsimulie shamba lililolimwa nalo. Mambo hayo hayamo katika vitabu vyake. Yamo kichwani mwako.

Na siku ya maonyesho, kama unaweza kufika, nenda ukatazame. Uliza maswali bila woga. Wahenga walisema: mcheza kwao hutunzwa.