Nahau ya Chuoni na Sentensi ya Kiingereza



Baada ya darsa ya alasiri ya akina mama, hapa kwetu Likoni, mama mmoja alibaki nyuma akiwa na daftari la mwanawe wa gredi ya tano. Mtoto alikuwa ameandika, "My mother she cooking rice," na mwalimu ameipitisha sentensi hiyo kalamu nyekundu. Mama akatwambia, "Maalim, mimi skuli sikufika mbali, nilisoma chuoni tu. Mtoto huyu nitamsaidiaje?"

Tukamuuliza chuoni alisoma nini. Akataja Qur'ani, fiqhi kidogo, na Ajurumia. Tukamjibu kwamba aliyesoma Ajurumia ameshashika nusu ya njia.

Kitabu hicho cha Ibn Ajurrum wa Fez, aliyefariki mwaka 1323, hutufunza mwanzoni kabisa kwamba maneno ni ya aina tatu: ism, fiili na harfu. Hutufunza pia kwamba usemi hautimii mpaka msikilizaji apate maana kamili. Kiingereza nacho chaweza kuingiwa kwa mlango huo huo. "Mother" ni ism, "cook" ni fiili, "in" ni harfu.

Sasa tulirudie kosa la mtoto. Kiswahili humbeba mtendaji ndani ya fiili. Tukisema "Mama anapika," ile "a" ya mwanzo ni mama kwa mara ya pili. Mtoto ameihamisha "a" hiyo akaifanya "she". Kiingereza hutaka mtendaji mmoja tu: ama "my mother", ama "she", si wote wawili. Na kwa upande wa pili, hakikubali mtendaji akosekane. "Anapika" kwetu ni sentensi nzima, lakini "is cooking" peke yake ni mwili usio na kichwa.

Kosa la pili ni kuanguka kwa "is". Katika Kiarabu, mubtadaa na khabari hukaa pamoja bila ya neno kati yao: al-baytu kabirun. Kiswahili husema, "Nyumba ni kubwa." Kiingereza hakina ruhusa ya kuliacha neno hilo: "The house is big." Hata pale penye kitendo kinachoendelea, ile "na" ya "anapika" huhitaji "is" mbele ya "cooking". Basi sentensi ya mtoto ikanyooka: "My mother is cooking rice."

Jambo la tatu ni mpangilio. Kiarabu kina irabu: dhumma humwonyesha fa'il na fat'ha humwonyesha maf'ul, hata wakibadilishana mahali. Kiingereza hakina alama hizo katika majina. Mahali pa neno ndipo penye hukumu. "The boy saw the cat" ni mvulana aliyemwona paka. Geuza majina, na paka ndiye aliyeona. Kwa bahati njema, utaratibu huu ni ule ule wa Kiswahili: mtendaji, kitendo, mtendwa. Lakini sifa kwao hutangulia jina. Sisi husema "nyumba kubwa", wao husema "big house".

Na watoto wanaochanganya "he" na "she" kwa sababu Kiswahili kina "yeye" mmoja, wakumbusheni huwa na hiya. Wanazijua tangu chuoni.

Jambo hili halikomei kwenye daftari. Mabinti zetu huenda Saudia na nchi nyingine za Ghuba kutafuta riziki, na hutiliwa mkononi mkataba wa Kiingereza. Binti mmoja wa mtaani kwetu alitia saini karatasi iliyosema, "The fare will be paid." Alidhani mwajiri ndiye mlipaji. Alipofika huko, nauli ikakatwa katika mshahara wake mwenyewe. Karatasi haikusema uongo. Ilitumia fiili majhuli, ambayo fa'il wake amefichwa, kama vile Kiswahili kisemavyo "italipwa". Laiti angaliuliza, "Italipwa na nani?" na akataka iandikwe, "The employer will pay the fare," angalijua mapema mzigo ni wa nani.

Kwa hivyo twawausia akina mama hivi. Jioni, baada ya maghrib, mtoto asome sentensi tano za Kiingereza na kuzieleza kwa Kiswahili. Wewe muulize matatu tu: Nani? Anafanya nini? Anamfanyia nani, au nini? Asipoweza kukuonyesha neno la kila jibu, hajaifahamu sentensi, au sentensi yenyewe ina kasoro. Maswali hayo hayahitaji cheti cha skuli. Na karatasi yoyote ya kutiwa saini nyumbani ipitishwe kwenye maswali hayo hayo kabla ya kalamu kushikwa.

Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu watafute elimu ya zama zao bila ya kuitupa yao. Mama yule alikuwa akiiona elimu yake ya chuoni kuwa ni upungufu. Wiki iliyofuata alirudi na daftari lile lile, na safari hii alitwambia kosa liko wapi kabla hatujaliangalia.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, sisi na watoto wetu. Amin.