Nauli ya Jamaa Nzima

Tarehe 1 Januari 2024 nauli ya treni ya Madaraka Express, Nairobi mpaka Mombasa, ilipandishwa ikawa shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Basi kwa nauli hiyo baba, mama na watoto wawili hupanda daraja la kawaida kwa shilingi 4,500, yaani bei ya kiti kimoja cha daraja la kwanza!

Kwenda na kurudi ni 9,000. Awekaye shilingi 250 kila juma huzitimiza kwa majuma 36. Akopaye Desemba hudaiwa Januari, pamoja na karo. Na mtoto ndiye arudishwaye nyumbani. Akiba haiozi.