Umeseti Inveta Yako, au Umeiacha Kama Ilivyotoka Dukani?

Leo naweka pembeni kahawa na mahindi, tuongee umeme. Hapa Igamba na Mbozi kwa ujumla vijana wengi mmeingia kwenye kutotolesha vifaranga, na karibu kila ninayemtembelea ana sola, inveta na betri mbili pembeni ya mashine. Nikiuliza "inveta umeiseti vipi?" jibu ni moja: "Fundi alifunga, inafanya kazi."

Hata mimi nilijibu hivyo. Acha niwaambie ilinigharimu nini.

Nina mashine ya mayai 264. Mwezi wa saba, baridi ya Mbozi mnaijua, mayai yalikuwa siku ya 18. Karibu 150 hayakuwa yangu, yalikuwa ya kijana mmoja aliyenilipa nimtotoleshee. Saa 8 usiku umeme wa TANESCO ukakatika. Sikuwa na wasiwasi, si nina betri? Asubuhi nikakuta mashine imezima, feni kimya, inveta haina hata taa. Katika mayai 264 vilitoka vifaranga 61. Yule kijana nilimlipa mayai yake, lakini wateja wake walikuwa wameshatoa oda.

Betri zilikuwa na miezi 14 tu. Nilitaka kumlaumu fundi na aliyeniuzia. Nilipofungua kijitabu cha inveta nikakuta kosa ni langu: sikuwahi kugusa setingi hata moja.

Kilichotokea ni nini?

Mfumo wangu ni wa volti 24: betri mbili za jeli za 12V 200Ah zimeungwa mfululizo. Inveta ilikuwa kwenye SBU, maana yake sola kwanza, betri ya pili, TANESCO mwisho. Inaonekana nzuri kwa sababu LUKU haiendi haraka. Lakini fikiria usiku. Jua likizama, inveta inaanza kula betri hata kama TANESCO ipo. Mashine, TV, friji, taa, vyote vinanyonya betri mpaka ishuke volti 23, ndipo inarudi TANESCO. Kwa hiyo saa 8 usiku umeme ulipokatika, betri ilikuwa imeshatumika. Nilichodhani ni akiba nilikuwa nakila kila siku jioni.

Jambo la pili: betri ya jeli, AGM au ya maji haipendi kushushwa chini ya nusu kila siku. Ukiipeleka chini kabisa kila usiku, umri wake unakatika. Ndiyo maana zangu zilichoka mapema.

Piga hesabu kwanza

Mashine yangu imeandikwa wati 180, lakini hita inawaka na kuzima, wastani ni kama wati 100. Kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 1 asubuhi ni saa 13:

- Mashine: 100 × 13 = 1,300 Wh
- Inveta yenyewe inakula kama wati 40: 40 × 13 = 520 Wh
- Jumla: 1,820 Wh

Betri zangu: 24V × 200Ah = 4,800 Wh. Nusu yake ni 2,400 Wh. Kumbe betri nzima, ikianza usiku imejaa, inabeba mashine mpaka asubuhi bila kuumia. Betri hazikuwa ndogo, setingi ndiyo iliyoniangusha.

Setingi za kugusa

Namba hizi zinapatikana kwenye inveta nyingi za Kichina za volti 24. Yako ikiwa tofauti, tafuta jina la setingi kwenye kijitabu. Baadhi hazikubali kubadilika inveta ikiwa kazini, kwa hiyo fanya mchana, mashine ikiwa haina mayai.

*01: Nani atangulie kubeba mzigo.* Kama una TANESCO na una mayai ndani, weka SUB. Mchana sola inafanya kazi, usiku TANESCO inabeba, betri inakaa imejaa ikisubiri umeme ukatike. Kama unataka kubaki SBU ili uokoe LUKU, basi soma 12 hapa chini kwa makini.

*12: Volti ya kurudi TANESCO.* Kiwandani huwa 23. Mimi nimepandisha mpaka 24.5. Hapo hata nikiwa SBU, inveta inaiachia betri zaidi ya nusu kabla haijaomba msaada.

*05: Aina ya betri.* Weka USE ili uingize volti mwenyewe. Usikubali AGM kwa sababu tu ndiyo ulioikuta.

*26 na 27: Volti ya kujaza na volti ya kutunza.* Ya kwanza ni ya kujaza betri kwa nguvu, ya pili ni ya kuishikilia ikishajaa. Kwa mfumo wa volti 24:

- Jeli: 28.2 na 27.2
- AGM: 28.8 na 27.2
- Betri ya maji: 28.8 na 27.0
- Lithiamu (LiFePO4, seli 8): 28.4 na 27.0

Ukizidisha kwenye jeli unaikausha, na maji hayaongezwi humo. Ukipunguza, betri haijai kamwe na inakufa polepole. Soma ubavuni mwa betri yako, watengenezaji wengi wameandika volti zao pale. Kama ni 12V, zidisha mara mbili. Kilichoandikwa kwenye betri ndicho ufuate, hata kama kinatofautiana na nilichoandika hapa.

*02 na 11: Amperi za kuchaji.* 02 ni jumla, 11 ni za kutoka TANESCO. Betri za jeli na AGM chaji kwa asilimia 10 mpaka 20 ya Ah zake. Za 200Ah ni amperi 20 mpaka 40. Yangu ilikuwa 60 kutoka kiwandani! Sasa nimeweka 30 jumla, na 20 kutoka TANESCO.

*16: Nani achaji.* Weka CSO: sola ichaji kwanza, TANESCO ichaji pale tu jua halipo. Ukiweka OSO ni sola peke yake, na kuanzia Novemba mpaka Aprili, mawingu yakikaa siku tatu, utabaki na betri nusu.

*29: Volti ya kuzima.* Yangu ilikuwa 21, yaani 10.5 kwa kila betri. Hapo unakamua mfupa. Kwa jeli, AGM na maji weka 23. Kwa lithiamu weka 24.

*30: Chaji ya kusawazisha.* Hii ni kwa betri za maji tu. Jeli, AGM na lithiamu, zima kabisa.

Wenye lithiamu, sikilizeni

Volti za lithiamu zinadanganya. Betri ikiwa na asilimia 80 au 40, volti inakaa karibu na 26 tu. Kama inveta na betri yako zina waya wa kuwasiliana, ufungwe, ili uone asilimia halisi. Na usichanganye lithiamu na jeli kwenye mfumo mmoja.

"Lakini LUKU itaisha, bwana shamba!"

Kijana mmoja aliniambia hivi, ana haki. Tupige hesabu. Mashine kubebwa na TANESCO usiku ni 1,300 Wh, yaani uniti 1.3. Kwa siku 21 ni kama uniti 27. Zidisha na bei yako ya uniti, halafu linganisha na mayai 264, mafuta ya bodaboda ya kuyakusanya, na wateja watakaokukimbia. Ukishatoa vifaranga na mashine ipo tupu, rudisha SBU uokoe. Setingi si msumari, inabadilishwa.

Jaribu kabla ya kuweka mayai

Siku betri imejaa, jioni zima swichi kuu ya TANESCO. Acha mashine tupu iwake usiku kucha. Saa 1 asubuhi soma volti kwenye kioo cha inveta. Ikiwa 24 au zaidi kwa jeli na AGM, uko salama. Ikishuka chini ya hapo, au ikizima usiku, betri imechoka au mzigo ni mkubwa. Ni afadhali ujue ukiwa huna yai hata moja ndani. Mimi narudia jaribio hili kila baada ya miezi mitatu.

Na siku yote yakishindikana: mayai ya wiki mbili za kwanza, funga mashine na weka chupa za maji ya moto ndani. Mayai ya siku ya 18 kuendelea, weka chupa lakini fungua matundu ya hewa, kwa sababu vifaranga wanahitaji kupumua na feni imesimama. Laiti ningekuwa macho usiku ule.

Akiba haiozi, wazee walisema, lakini ya betri inaoza ukiila kila usiku. Leo jioni chukua kijitabu, soma hizo namba, andika ulizozikuta kwenye daftari kabla hujabadilisha kitu. Kama kuna usiyoelewa, mwite fundi mkae wote mbele ya inveta akueleze, usimwache afunge peke yake kama nilivyofanya mimi.

Kazi njema.